CRP 180 baada ya kupasuliwa: mnauliza, munganga anajibu

*Munganga, papa wa watoto alipasuliwa kansa ya utumbo mpana. Siku ya nne CRP yake ni 180. Muuguzi alisoma karatasi akanyamaza. Ndiyo basi? (Mama, Kadutu)*

Hapana, mama. CRP ni protini inayotengenezwa na ini kila mwili unapokuwa na mchochota, yaani unapopambana na jeraha, vijidudu au kansa. Kisu cha mpasuaji nacho ni jeraha, kwa hiyo CRP ya kila aliyepasuliwa hupanda. Hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, kisha, kama hakuna kingine kinachoichochea, hupungua nusu kila baada ya saa 19 hivi. Ikibaki juu ya miligramu 150 kwa lita kati ya siku ya tatu na ya tano, wapasuaji huanza kushuku kwamba pale utumbo ulipounganishwa panavuja, au kuna usaha tumboni. Nadhani ndilo lililomnyamazisha muuguzi, ingawa angekueleza tu. Uliza leo hii: ana homa? Tumbo limekaza? Moyo unakwenda mbio? CRP itapimwa tena lini? Kuvuja kukionekana mapema kunatibika. Kuhusu miaka atakayoishi, namba ya siku ya nne usiihangaikie.

*Kabla ya kupasuliwa nilikuwa na CRP 24 na albumini 31. Mtoto wangu amesoma kwenye intaneti eti nina alama 2, mbaya kuliko zote. (Muzee, Bagira)*

Mtoto amehesabu vizuri, muzee. Hesabu hiyo ilitoka Glasgow, mji wa Uskoti: CRP ikizidi miligramu 10 kwa lita unapata alama 1, na albumini (protini nyingine ya damu) ikiwa pia chini ya gramu 35 kwa lita unapata 2. Tafiti nyingi zimeona kwamba wenye 2 kwa wastani huishi muda mfupi kuliko wenye 0, hata kansa zao zikiwa katika hatua ile ile. Wastani, lakini, si wewe. Na wiki ile ulikuwa na malaria? Nimonia? Jino bovu? Huku kwetu lazima niulize, maana vyote hivyo hupandisha CRP. Mimi ningetaka kwanza karatasi ya patolojia, yaani majibu ya maabara iliyochunguza kipande kilichokatwa: kansa imepenya mpaka wapi, tezi za limfu ngapi zimechunguzwa (zisipungue 12), ngapi zina kansa. Kemoterapia huamuliwa hasa na hiyo.

*Sina pesa za CRP. Hesabu ya damu ya kawaida inatosha? (Mwanafunzi wa uuguzi, Panzi)*

Inasaidia. Gawanya nyutrofili kwa limfositi, aina mbili za chembe nyeupe za damu: 6,000 kwa 1,200 ni 5, na hiyo iko juu. Ila wengine huweka mpaka kwenye 3, wengine 5, na deksametasoni (dawa ya kutuliza mchochota) pekee inaweza kupandisha uwiano huo. Usimtishe mgonjwa nao.

*Nimemaliza kemoterapia. Tangawizi itashusha mchochota? (Dada, Nyawera)*

Tia kwenye chai, ni tamu. Kuiita dawa ya kansa, siwezi. Aspirini usianze mwenyewe, inaweza kutoboa tumbo. Chenye ushahidi ni mazoezi: mwaka 2025 yalitoka matokeo ya utafiti wa watu 889 waliomaliza kemoterapia ya kansa ya utumbo mpana. Baada ya miaka 5, kati ya kila 100 waliofanya mazoezi yenye usimamizi, 80 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi; waliopewa vijitabu tu, 74. Bukavu yetu ni milima mitupu, dada. Kovu likishapona na daktari wako akikubali, acha pikipiki, panda kwa miguu.