Chaja ya Samsung kwenye iPhone 15

Inaingia vizuri tu, ndugu, wala haitaunguza kitu. Umeuliza kama chaja ya Samsung ya shemeji itafaa iPhone 15 yako: kuanzia toleo hilo la 2023 tundu la kuchajia ni USB-C, lilelile la simu za Samsung za siku hizi. Simu na chaja hukubaliana zenyewe kiasi cha umeme, kwa hiyo hata chaja ya wati 45 haiilazimishi simu kuvuta kuliko uwezo wake.

Apple hawakubadilika kwa kupenda. Tundu lao wenyewe, Lightning, walikuwa nalo tangu iPhone 5 ya 2012, na wakaling'ang'ania mpaka Umoja wa Ulaya ulipopitisha sheria mwaka 2022: simu mpya zinazouzwa kwao ziwe na USB-C ifikapo tarehe 28 Desemba 2024.

Ila tundu kufanana si waya kufanana. iPhone 15 ya kawaida huhamisha data kwa kasi ya USB 2.0, megabiti 480 kwa sekunde. 15 Pro hufika gigabiti 10, lakini (vituko hivi!) waya unaokuja kwenye boksi lake ni huo huo wa polepole. Kwa kuchaji unatosha. Kama unahamishia video ndefu kwenye kompyuta, nunua mwingine.