Jibu: CB750 inatikisika usukani, nibadilishe rimu na shokapu?

Habari ndugu. Nimekuelewa: Honda CB750 yako ya 1975 inatikisika usukani ukipita kilomita 90 kwa saa, na fundi anataka akufungie shokapu za mbele za GSX-R (pikipiki ya Suzuki ya kasi) pamoja na rimu za inchi 17. Tafadhali usinunue kitu bado.

Inua tairi la mbele lisiguse chini, geuza usukani taratibu. Ukihisi unanasa pale katikati, gololi za beringi ya usukani zimeshachimba vikombe vyake. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa shida yote. Niliweka beringi za rola, mtikisiko ukaisha. Kisha shika tairi la nyuma, lisukume kushoto na kulia. Likicheza, angalia beringi za rimu na bushi za mkono wa nyuma (chuma kinachoshika tairi la nyuma).

Rimu za asili ni inchi 19 mbele, 18 nyuma. Ukiweka 17 na shokapu fupi, pikipiki inainamia mbele, usukani unakuwa mwepesi mno, na kutikisika kunaweza kuzidi. Mimi nilibaki na shokapu zake za asili, zenye bomba la kipenyo cha milimita 35, nikabadili springi, sili na oili tu. Inatulia vizuri sana. Za GSX-R sijawahi kufunga, kwa hiyo vipimo vya ekseli muulize aliyewahi.