Kupandikizwa uloto huku mgonjwa ana fangasi kwenye mapafu

Ndugu yetu wa Mafinga ameuliza kama dada yake mwenye leukemia, yaani saratani ya damu, aliyegundulika kuwa na fangasi kwenye mapafu, ndiyo basi tena hawezi kupandikizwa uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Ninajibu kama mtu niliyemtolea mdogo wangu uloto nchini India, baada ya kumuuguza kwanza hapa Mbeya na kisha Dar es Salaam, akiwa na tatizo hilohilo.

Si lazima iwe basi. Kinachoangaliwa ni kama maambukizi yamedhibitiwa, kwa sababu kabla ya kupandikizwa mgonjwa hupewa kemo, yaani dawa za saratani, kali ya kutosha kuteketeza uloto wake, naye hukaa kati ya wiki mbili na nne hivi akiwa karibu hana chembe nyeupe za kumkinga. Bakteria walio kwenye damu husubiriwa waishe kwa antibayotiki. Fangasi ni wabishi zaidi. Mdogo wangu alianzishiwa dawa ya fangasi iitwayo vorikonazoli, vidonge ambavyo havimezwi pamoja na chakula, na siku za mwanzo akawa anaona taa za wodini zina rangirangi, tukahofu kwamba ugonjwa umepanda kichwani, kumbe ni dawa. Baadaye daktari alituwekea picha mbili za CT skani pamoja, akatuonyesha jinsi doa la pafu la kulia lilivyosinyaa, akasema hangoji lifutike kabisa kwa kuwa leukemia nayo haimngoji mtu. Hapo ndipo penye mtihani wenyewe: ukichelewa mno saratani inarudi, na wapo ambao hawaponi maambukizi kwa sababu uloto wao hautoi chembe nyeupe nzima, hivyo kungoja tu hakuwasaidii.

Dawa ya fangasi iliendelea hata baada ya upandikizaji. Kwa kuwa huifanya takrolimasi, ile dawa inayozuia chembe za mtoaji zisiushambulie mwili wa mgonjwa, irundikane kwenye damu, dozi ya takrolimasi ilishushwa hadi theluthi moja. Kwa hiyo msikubali mojawapo isimamishwe bila daktari wa upandikizaji kujua.

Tena mwelezeni daktari huyo mgonjwa alikulia wapi. Sisi tumekulia kwenye mpunga wa Kyela, miguu peku, na minyoo ya strongiloidi hupenya ngozi ya mguu, ikakaa mwilini miaka mingi bila dalili, kisha kinga ikishuka ikasambaa mwili mzima na kuua. Ombeni kipimo chake, pamoja na cha kifua kikuu na cha homa ya ini B, kabla kemo haijaanza. Minyoo hiyo hutibiwa kwa ivamektini.