Kipande cha Pipa Ubavuni mwa 504

Swali lenu la wiki hii, kama gari la zamani lirudishwe lilivyotoka kiwandani au mwenyewe alibadilishe apendavyo, limenikuta nimelala chini ya gari, mgongo kwenye boksi lililokunjuliwa, grisi mpaka viwikoni. Nitajibu kama mtu wa Jinja aliyerithi Peugeot 504 ya marehemu baba. Fundi mimi si fundi, labda wa Jumamosi na Jumapili.

Anayesema "kama ilivyotoka kiwandani" ningependa aje aione hii yetu. 504 ilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1968. Baba aliinunua 1974, ikiwa imeshatumika, na huo haukuwa wakati mzuri wa kununua gari Uganda. Waasia walikuwa wamefukuzwa 1972, maduka ya spea yakabadilisha wenyewe, kisha rafu zikabaki na vumbi. Ndipo sote tukajifunza neno magendo. Plagi za gari letu zilivuka mpaka wa Busia ndani ya gunia la maharage, na mama alitumwa kuzipokea kwa sababu hakuna aliyemshuku mwanamke aliyejifunga leso.

Mwaka 1979 lori likaikwaruza ubavuni na kuchana madigadi ya nyuma kushoto. Ya kubadilisha haikuwepo. Fundi akachukua pipa la mafuta, akakata bati lake, akaligonga kwa nyundo siku mbili juu ya gogo la mwembe mpaka likafuata mkunjo wa gari. Kwa nje huoni kitu. Ukiingiza mkono kwa ndani unagusa tuta la pipa, lile la mviringo, limebaki hapo kama kovu.

Miaka mingi baadaye nilipoanza kuifufua, fundi wa bodi alikwangua rangi, akacheka, akaniambia, "Mzee, hii tutoe, tuweke ya kweli." Ya kweli! Madigadi ya Sochaux, kiwandani kwa Peugeot kule Ufaransa, naweza kuiagiza nikipata pesa. Ile ya gogo la mwembe nitaiagiza wapi? Nikamwambia apige msasa, aizuie kutu, apake rangi, aiache. Aliniona mzee mkaidi, na huenda ni kweli.

Kwa hiyo mimi si wa chama cha kiwanda. Wala wanaodhani kubadilisha gari ni uhuni wa vijana wenye mafla za kelele wasinihesabu kwao. Wamesahau Safari Rally. Mashindano yale ya magari yalianza 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyashinda mara 5. Mara ya kwanza ilikuwa 1973, ndani ya Datsun 240Z. Mwaka 1975 Ove Andersson akashinda kwa 504. Magari yale yalivishwa ngao chini ya injini na kuongezwa taa mbele, kwa sababu barabara zetu zilidai hivyo. Nami nimeifungia yangu ngao ya bati nene, na anayeniambia nimeiharibu namwalika tufuatane kwenda Kamuli msimu wa mvua.

Ila kosa nimelifanya, tena kubwa. Injini ilipoanza kula oili na kutoa moshi, fundi mmoja wa Kampala, jina nalihifadhi, alinishauri niachane nayo, aniwekee ya dizeli ya Toyota. Sikujua nilichokuwa nacho. Injini ya 504 ina slivu za kuchomoka, yaani mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka: silinda zikilika, unachomoa slivu na pistoni zake, unaweka mpya, bloku, mwili wa injini, haichongwi. Ni injini iliyotengenezwa ili ifanyiwe ovahoo. Nami nikaitoa. Kwa kuwa ile ya Toyota haikuenea, yule bwana akawasha grainda, akakata paneli ya mbele bila hata kunipigia simu.

Nikaendesha miaka 3 gari lenye kichwa kizito, usukani kama wa trekta. Bahati yangu bloku ya zamani haikuuzwa. Ilikuwa nyuma ya nyumba chini ya turubai, kuku wa mama wanalalia juu yake. Slivu na pistoni nilizipata soko la Kisekka, lile la spea za magari Kampala, baada ya Jumamosi nyingi za kuulizia. Injini imerudi na inanguruma vizuri. Paneli imechomelewa, lakini haijanyooka, na boneti mpaka leo nalifunga kwa kulikandamiza kwa goti.

Tangu siku ile kipimo changu ni spana. Kinachofungwa kwa bolti na kinaweza kufunguliwa, ruhusa. Kinachohitaji grainda, hapana. Nimetoa pointi na kondensa kwenye distribyuta, vile vya kuwashia cheche za plagi, nikaweka mfumo wa kielektroniki, maana nimechoka kusafisha pointi kando ya barabara usiku. Za zamani ziko kwenye mkebe wa maziwa ya unga. Mikanda ya usalama ya viti vya nyuma nimeiongeza kwa ajili ya wajukuu, na hapo sibishani na mtu. Jirani yangu mwenye Morris Minor hujigamba kuwa yake haijaguswa, lakini petroli yenye madini ya risasi, yaliyokuwa yakilinda viti vya valvu, ilipoondolewa, viti hivyo kwenye hedi yake ya chuma vilianza kulika, akabandikiwa viti vipya vya chuma kigumu zaidi. Havionekani, ndiyo maana hajavihesabu.

Tangu 2018 sheria hairuhusu kuingiza nchini gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe. Hizi 504 zilizobaki ndizo hizi, na kila mwezi nyingine inapakiwa kwenye lori la vyuma chakavu kwenda kuyeyushwa iwe nondo. Mimi bado natafuta mkono wa kuzungushia kioo cha mlango wa nyuma kulia. Kwa sasa nakizungusha kwa koleo. Msomaji mwenye gofu la 504 uani, Mbale, Tororo au popote, kabla hujaita wapima chuma, fungua ule mlango uchungulie.