Kwa afisa utamaduni mpya wa halmashauri

Wadogo zangu mnaoripoti kwenye vitengo vya utamaduni, sanaa na michezo, mapema tu mtasikia ofisini kwamba fedha za utamaduni hazipo. Ukifungua kitabu cha bajeti utakuta kifungu chenu kweli ni chembamba, na unaweza kukata tamaa kabla hujafika hata kata moja. Usikubali neno hilo upesi. Fedha za serikali za kusaidia sanaa, malikale na huduma za vijijini zipo, ila zimekaa mahali pengi, na mara nyingi haziitwi kwa jina la utamaduni. Lazima ujue ziko kwa nani na zinaombwa kwa karatasi gani. Karatasi hiyo, karibu kila mara, huanzia kwenye mkutano wa kijiji.

Kwanza uelewe mgawanyo. Sera za sanaa ziko kwa wizara yenye dhamana ya utamaduni, na chini yake utakutana na BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, TaSUBa, chuo cha sanaa kule Bagamoyo, COSOTA kwa mambo ya hakimiliki, na Mfuko wa Utamaduni na Sanaa. Malikale ziko kwingine kabisa: Wizara ya Maliasili na Utalii, kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Mshahara wako, gari unaloazima na mkurugenzi anayekusainia masurufu wako upande wa TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Kijijini hakuna anayeujua mgawanyo huu, wala hana sababu ya kuujua. Mzee anayekuonyesha makaburi ya kale ndiye huyohuyo anayeongoza ngoma, na pengine ndiye mjumbe wa kamati ya maji.

Kolo, wilayani Kondoa, inaonyesha jambo hili vizuri kuliko mahali pengine ninapopajua. Michoro ya miambani iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na eneo lililoorodheshwa lina zaidi ya mapango na vivuli vya miamba 150. Wageni huja kuona twiga na watu waliochorwa kwa rangi nyekundu. Lakini Mongomi wa Kolo, mojawapo ya sehemu zinazotembelewa sana, ni mahali pa tambiko pia: wenyeji huenda pale kuomba mvua na kutafuta uponyaji. Mhifadhi anaogopa pombe ya tambiko isimwagwe juu ya rangi iliyodumu karne nyingi. Mzee anaogopa mvua isikatike. Wote wawili wana haki. Sheria ya 1964 iliandikwa ikitazama zaidi majengo, vitu na maeneo. Desturi inayoendelea kuishi ndani ya eneo hilo haikupewa nafasi kubwa. Tanzania iliridhia mwaka 2011 mkataba wa UNESCO wa kulinda urithi usioshikika, yaani mila, ngoma na ujuzi wa jadi, lakini mkataba hauendi Kolo kwa miguu yake. Mtu wa serikali anayeweza kumketisha mhifadhi, mzee wa tambiko na mtendaji wa kijiji kwenye benchi moja ni afisa utamaduni wa wilaya. Hilo halina kasma, yaani kifungu chake kwenye bajeti, na ni kazi kubwa kuliko tamasha lolote utakaloandaa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa kila mmoja wenu alishike tangu mwezi wa kwanza: malipo ya vikundi vya ngoma.

Mtindo uliozoeleka wilayani ni huu. Mgeni rasmi anakuja, Mwenge wa Uhuru unapita, zahanati inazinduliwa, na simu inakuja kwako: leta kikundi. Kikundi kinatembea tangu alfajiri, kinacheza juani, kinapewa soda na nauli isiyowafikisha wote nyumbani. Wazee wakichoka wanaacha, vijana wakiona hivyo hawaingii, na baada ya miaka michache tunaandika taarifa kwamba ngoma za asili zinapotea. Hazipotei zenyewe. Inaniuma kuliona jambo hili, kwa sababu dawa yake ipo ndani ya ofisi zetu.

Idara ya afya ina bajeti ya uhamasishaji wa chanjo. Lishe ina bajeti yake. Maendeleo ya jamii, kilimo, mazingira na maji wote wana mistari ya kuelimisha wananchi, na mingi huishia kwenye kipaza sauti juu ya gari na vipeperushi ambavyo bibi asiyesoma hawezi kuvitumia. Nenda ukakae na wakuu wa idara hizo wakati wanaandaa makisio, siyo baada ya makisio kupita. Waambie: kikundi fulani cha kata fulani kinaweza kutunga wimbo wa chanjo kwa Kigogo au Kirangi, kikaimba kwenye vijiji kadhaa, gharama yake ni hii, na kitadai kwa utaratibu. Wagogo wana zeze, marimba na ngoma za wanawake za muheme. Wimbo wao ukishika kijijini, watoto wanauimba kisimani mwaka mzima. Hakuna kipeperushi kinachofanya hivyo. Mganga mkuu wa wilaya akiona mahudhurio ya kliniki yamepanda, mwaka unaofuata atakuja mwenyewe.

Ila ili idara ikilipe kikundi, kikundi lazima kilipike. Hapa ndipo maafisa wengi wanapokwama. Kikundi kiwe na katiba, orodha ya wanachama, usajili, akaunti ya benki yenye watia saini wasiopungua wawili, na muhtasari wa kikao kilichowachagua viongozi. Wasanii wasajiliwe BASATA. Usiwatume wazee hawa mjini na orodha ya mahitaji mkononi. Kaa nao chini ya mti wao, andika katiba kwa lugha wanayoielewa, isome kwa sauti mpaka mwisho, wabishane, warekebishe. Angalia pia nani anawekwa kuwa mweka hazina. Mara nyingi wanawake ndio wanaobeba ngoma nzima, halafu majina ya akaunti yanakuwa ya wanaume watupu. Lizungumzie jambo hilo mapema, kwa adabu, kabla fedha hazijaingia.

Kikundi kikishakuwa na karatasi hizo, mlango mwingine unafunguka bila kazi ya ziada. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya, kwa hiyo usitumie fomu za zamani utakazozikuta kabatini. Muulize Afisa Maendeleo ya Jamii utaratibu wa sasa. Kamati haitoi mkopo kwa sababu ngoma ni nzuri. Inataka kuona biashara: kushona mavazi, kuchonga na kuuza ala, kukodisha viti na vyombo vya muziki kwenye sherehe, ufinyanzi, ususi. Msaidie kikundi kuchagua kimoja wanachokijua tayari. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa nao unatoa mikopo, na neno mkopo ulitamke wazi kila mara, kwa sababu watu wakisikia fedha ya serikali wengi hudhani ni ruzuku. Kikundi kikishindwa kurejesha, jina la sanaa wilayani linachafuka kwa miaka.

Kuhusu ardhi nitasema kwa kirefu kidogo, maana urithi mwingi wa vijijini haupotei kwa wizi. Unapotea kwa ujenzi. Kijiji kinahitaji darasa, au nyumba ya mwalimu, au zahanati, na ardhi ya wazi iliyobaki ni uwanja wa ngoma au kando ya msitu wa mizimu. Hakuna mwenye nia mbaya hapo. Huwezi kusimama mbele ya mama mwenye mtoto mgonjwa ukasema uwanja wa ngoma kwanza. Kwa hiyo mazungumzo hayo yafanyike kabla fedha ya ujenzi haijafika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inakipa kijiji uwezo wa kupanga matumizi ya ardhi yake. Timu ya mpango wa matumizi bora ya ardhi inapokwenda kijijini, hakikisha umo ndani ya gari. Uwanja wa ngoma, makaburi ya machifu, jando, mti wa mikutano, chemchemi yenye miiko, vyote vichorwe kwenye ramani na viandikwe kwenye muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji. Msitu wa mizimu unaweza pia kutangazwa kuwa msitu wa hifadhi wa kijiji chini ya Sheria ya Misitu ya 2002. Upareni na Handeni misitu ya namna hii imesimama mahali ambapo pande zote zimeshalimwa, na mara nyingi ndimo maji yanamotoka. Ukimweleza hivyo mhandisi wa maji, atakuwa upande wako.

Jirani zetu wa pwani ya Kenya wametangulia katika hili. Misitu ya Kaya za Mijikenda, yaani misitu mitakatifu ya makazi ya kale ya watu hao, ilianza kutangazwa kuwa kumbukumbu za taifa miaka ya 1990, wazee wa kaya wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na mwaka 2008 kaya kadhaa zikaingia kwenye Urithi wa Dunia. Mwaka uliofuata mila zenyewe za kaya zikaorodheshwa UNESCO kama urithi unaohitaji kulindwa haraka. Yaani waliona kwamba miti peke yake haitoshi. Bila wazee wenye miiko, msitu ni mbao tu zinazosubiri msumeno. Kama uko Tanga, Mkinga au Muheza, wapo kati ya watu wako walio ndugu wa hao Wamijikenda. Una la kujifunza karibu.

Jambo jingine ni kurekodi. Utatumwa kukusanya nyimbo, methali, dawa, historia za koo. Kabla hujawasha simu yako, mweleze mzee rekodi itakwenda wapi na nani ataisikiliza, na akisema sehemu fulani si ya kurekodiwa, zima. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi zisitumike kibiashara kiholela. Isome, kwa sababu watayarishaji wa muziki na wapiga picha watakujia wakitaka utangulizi kwa vikundi vyako. Nakala ya rekodi irudi kijijini. Shule ya msingi ya pale ni mahali pazuri pa kuihifadhi, na mwalimu atapata cha kufundishia.

Kuhusu matamasha sina mengi. Fanyeni, yanapendeza, lakini yasimeze mwaka wako wote. Ukiweza, badala ya kuanzisha jipya, beba lile ambalo wananchi wanalo tayari. Wasukuma wamekuwa wakishindana ngoma, kundi la Bagika na la Bagalu, kwenye sherehe za Bulabo pale Bujora, karibu na Mwanza, bila kusubiri afisa awabunie. Serikali ikisaidia usafiri, vyoo, maji safi na ulinzi kwenye jambo la namna hiyo, imesaidia sana.

Mwisho ni kalenda, maana huko ndiko mipango mizuri hufia. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini vipaumbele vinakuwa vimeshafungwa miezi mingi nyuma: kijiji, kisha kamati ya maendeleo ya kata, menejimenti ya halmashauri, kamati ya fedha, baraza la madiwani, mkoa, halafu juu. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Na. 7 ya 1982, inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila miezi mitatu, kwa hiyo kati ya Julai na Oktoba unayo nafasi ya kukaa kwenye mikutano na kusikia wananchi wanataka nini. Waombe watendaji ratiba zao ukiwa bado mgeni. Kila muhtasari unaotaja sanaa, eneo la kihistoria au kikundi, pata nakala yenye mhuri, weka kwenye faili la kata husika, na mpe diwani nakala nyingine. Mwongozo wa bajeti ukitoka, nenda kwa afisa mipango na mafaili hayo siku hiyohiyo, kabla meza yake haijajaa.