Gimbali ndani ya gari: kwa nini picha inaruka na ardhi inalala upande

Mkuu, umesema ulikaa dirishani kwenye basi na gimbali yako mpya ya simu, yaani kile kishikio chenye mota za kuituliza simu unaporekodi, ukarekodi saa nzima, halafu video ikakuonyesha mambo mawili: picha inapanda na kushuka kama vile simu ilikuwa mkononi, na kila baada ya kona ndefu ardhi imelala upande. Unauliza kama umeuziwa kitu kibovu. Sidhani. Nimerekodi kwa miaka kadhaa kwenye mabasi, treni, boti na nyuma ya pikipiki, na dalili zote mbili zimenipata nikiwa na gimbali nzima kabisa.

Nianze na kuruka. Gimbali ina mota tatu: moja ya kugeuka kushoto na kulia, moja ya kuinama na kuinuka, moja ya kulalia upande. Zote zinazuia mzunguko. Basi likipita kwenye tuta, simu haizunguki. Inapanda na kushuka yote kwa pamoja, na hakuna mota hapo ya kuzuia jambo hilo. Mpiga picha za sinema Garrett Brown alipobuni Steadicam, kifaa cha kutuliza kamera kinachovaliwa mwilini, miaka ya 1970, aliweka mkono wenye springi kati ya mwili wa mpiga picha na kamera ili umeze mirusho ya namna hiyo. Gimbali ya simu haina mkono huo, kwa hiyo springi ni mikono yako mwenyewe.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, nami nilikosea vilevile. Safari moja mkono ulichoka, nikaegemeza ncha ya kiwiko kwenye ukingo wa dirisha. Nilipoitazama video baadaye ningeweza kukuonyesha sekunde yenyewe: mtetemo wa injini unaingia kwenye picha, nguzo za umeme zinaanza kujipinda na kuchezacheza kama jeli, kwa sababu kamera ya simu inasoma picha mstari kwa mstari, na kabla haijafika mstari wa mwisho simu imeshasogea. Nikainua kiwiko, nguzo zikanyooka. Tangu hapo hakuna kinachogusa gari isipokuwa makalio na nyayo. Mgongo nautenga na kiti, nashika mpini kwa mikono miwili, viwiko nimevikunja na kuviachia nafasi ya ngumi moja kutoka mbavuni, vidole vimelegea. Ukibana mpini, mikono inakakamaa na kila shimo la barabara linafika kwenye lenzi. Mkao huu unachosha, kwa hiyo rekodi vipande vya sekunde 20 au 30, upumzike, urudie. Saa nzima mfululizo hakuna mkono unaoiweza.

Mahali unapokaa napo pana umuhimu wake. Kaa katikati, kati ya matairi ya mbele na ya nyuma. Viti vya mwisho, vile vilivyo nyuma ya tairi za nyuma, vinarushwa kuliko vyote. Kwenye treni pia chagua katikati ya behewa, maana magurudumu yamekaa karibu na ncha zake mbili.

Sasa ardhi kulala. Weka chupa yenye maji nusu mbele yako, basi likate kona ndefu: maji yatajilaza ndani ya chupa. Kitambuzi kinachoiambia gimbali chini ni wapi kinadanganyika kama maji hayo. Kinahisi mvutano wa dunia pamoja na ule wa kona, na kona ikiendelea kwa sekunde nyingi gimbali inaamini kwamba “chini” imehama, nayo inainamisha simu kuifuata. Kona fupi haina shida. Kwenye ndefu mimi husimamisha kurekodi, nikangoja barabara inyooke na gimbali ijisawazishe. Jambo jingine: washa gimbali wakati gari bado limesimama, na kalibresheni, yaani kuifundisha upya gimbali usawa ni upi, uifanyie nyumbani juu ya meza iliyotulia, kamwe usiifanye safarini. Ukibaki na mlalo wa nyuzi 1 au 2, utaunyoosha wakati wa kuhariri, na hapo utashukuru ulirekodi kwa 4K, yaani picha kubwa zaidi, hata kama video ya mwisho ni ya 1080 iliyo ndogo, kwa sababu kunyoosha kunakata kingo.

Kwenye gimbali usitumie ile hali ya kufunga uelekeo. Inashikilia upande mmoja wa dunia. Basi likigeuka, simu inabaki ilikokuwa inatazama, mwishowe unarekodi nguzo ya dirisha. Tumia hali ya kufuata, kasi ya kufuata ukiiweka chini kabisa.

Lakini kabla ya yote hayo amua unataka nini kitulie, nje au ndani. Gimbali inatuliza picha kwa kufuata dunia, haifuati gari. Mandhari ya nje itatulia vizuri. Ila ukimrekodi mwenzako aliyekaa kando yako, utamwona yeye na kiti chake wanaelea na kuyumba ndani ya fremu. Kwa picha za ndani acha gimbali kwenye begi, funga simu kwenye gari lenyewe ili vitikisike pamoja.

Usiitoe gimbali nje ya dirisha. Upepo unaisukuma simu, mota zinapambana mpaka unazisikia zikiunguruma kiganjani, kisha zinakata tamaa. Na mkono ulio nje ya gari ni hatari hata bila simu. Rekodi kupitia kioo: lenzi ikaribie bila kukigusa, kitambaa cheusi kizibe mwanga wa ndani, fokasi na mwangaza uvifunge ili simu isiyakimbilie madoa ya kioo. Elekeza lenzi mbele kwa mshazari, au kwenye vilima vya mbali. Vichaka vya kando ya barabara vitapita kama michirizi hata ufanye nini.

Nikitaka mandhari yaliyotulia zaidi hurekodi fremu (picha moja moja) 60 kwa sekunde na kuzicheza kwa 30. Mrusho wa nusu sekunde unakuwa wa sekunde nzima, na jicho linauona kama wimbi.

Na kama utarekodi ukiwa abiria kwenye pikipiki, simu ibaki mikononi, usiifunge kwenye usukani. Mwaka 2021 Apple yenyewe ilitoa tahadhari kwamba mitetemo ya pikipiki zenye injini kubwa inaweza kuharibu mfumo wa kutuliza lenzi na wa fokasi ndani ya iPhone. Kamba ya mpini iwe kwenye kifundo cha mkono kabla dereva hajaondoka.