Anza kwa Mama Mboga, Himaya Itasubiri

Kidato cha tatu, kwenye biolojia, nilikuwa nakariri ngazi za kupanga viumbe, kutoka kundi kubwa hadi dogo: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi, kwa pumzi moja, kama makanga anayeita steji za Thika Road. Mtihani ukauliza: viumbe viwili vya jenasi moja vinashiriki makundi gani mengine? Nikaacha pengo.

Siku hizi jioni nawasaidia watoto wa ploti yetu hapa Umoja, na himaya siigusi mapema. Nawatuma kwa mama mboga walete nyanya, waru (viazi), biringanya na fungu la managu. Kisha tunatafuta maua. Managu huota yenyewe kando ya mtaro, kwa hiyo ua halikosi: petali tano nyeupe, stameni (sehemu za kiume za ua) za manjano zimesongamana katikati. Ua la kiazi limeundwa hivyohivyo, ingawa ukiangalia chakula chenyewe huwezi kudhani ni ndugu. Vyote vinne ni jenasi Solanum. Basi familia yao ni moja, oda moja, ngeli moja (msiichanganye na ya A-WA ya sarufi), hadi juu kabisa. Hilo ndilo jibu nililolikosa.

Sukuma wiki na kabichi ndizo huzua ubishi. Hizo ni spishi moja, Brassica oleracea, pamoja na brokoli na koliflawa. Wakulima ndio waliochagua majani huku, kichwa kule, maua kwingine, vizazi kwa vizazi. Kijana mmoja alinikatalia kabisa: "Kabichi ni kabichi, mwalimu."

Kwenye karatasi ya mtihani, katika jina la kisayansi jenasi huanza kwa herufi kubwa, spishi kwa ndogo, na kila neno lipigiwe mstari wake. Alama nyingi hupotelea hapo.

Usishangae pia majina yakibadilika. Mwaka wa 1753 Linnaeus, yule Mswidi mtaalamu wa mimea, aliiita nyanya Solanum lycopersicum. Wengine wakaitenga katika jenasi yake, wakaiita Lycopersicon esculentum, na ndivyo vitabu vingi vya zamani vinavyosema. Uchunguzi wa DNA ukairudisha kwa ndugu zake waru na managu. Kwa hiyo kabla ya kukariri jina, tazama kitabu chako ni cha lini.

Mkimaliza somo, pikeni. Managu yatieni maziwa, uchungu utapungua.